Utii Una Mpaka

Sifa njema zote ni za Allah, rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, Steven Hassan wa Marekani alikuwa mwanafunzi wa chuo mwenye miaka 19 pale vijana wachangamfu walipomfuata wakamkaribisha kwao. Hawakumwambia kuwa ni wafuasi wa Sun Myung Moon. Akaacha masomo, naye akawa mvutaji wa wengine. Mwaka 1976, usingizi ulimshinda akiwa anaendesha gari, akagonga lori. Ajali hiyo ndiyo iliyoipa familia yake nafasi ya kumtoa.

Tangu hapo amekuwa mshauri nasaha na mwandishi juu ya makundi yanayoteka akili za wafuasi. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1988. Anatufundisha kuuliza: nani anatawala mwenendo wako, habari unazopata, fikra zako na hisia zako?

Si mwenzetu katika dini, lakini jambo hili tulikwisha kufundishwa. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba amiri wa kikosi alikasirika, akaamuru moto uwashwe na askari wake wauingie. Wakasita mpaka ukazimika. Mtume (s.a.w.) alipopata habari, alibainisha kwamba lau wangeingia wasingetoka tena, na kwamba utii ni katika mema tu. Nasi hapa Uganda tunaikumbuka Kanungu, tarehe 17 Machi 2000: mamia waliteketea, wakiwemo watoto.

Nami nakiri. Nikiwa mwaka wa kwanza nilihudhuria darsa ya chumbani ambako tulikatazwa kumuuliza imamu na kuwaeleza wazazi. Nilinyamaza wiki saba, nikiogopa kuitwa dhaifu wa imani. Mimi nilitoka. Rafiki yangu bado yumo, na mimi ndiye niliyempeleka. Kila Ijumaa nampigia simu, hata asipopokea.

Ndugu zangu, msizikimbie darsa. Elimu ni faradhi. Ila pimeni: je, unaruhusiwa kuuliza? Kumpigia mama? Kuondoka ukabaki ndugu yao? Jibu likiwa hapana, toka, na umshike mwenzako mkono.

Ee Allah, tuonyeshe haki tuifuate, na uturudishie waliopotea. Amin.