Ulizeni Ncha Kabla ya Mashine

Vijana wangu wa Mwisenge, ninyi mnaokaa kwenye meza za kutengeneza simu, redio na taa, nisikilizeni. Bodi nyingi ninazoletewa zimeshakufa, na hazikuuawa na uzee. Zimeuawa na joto la fundi aliyetangulia.

Mkienda mjini kununua mashine ya kulehemu, muuzaji atawasifia wati na nyuzi: wati 60, nyuzi 480. Mwacheni amalize, kisha mumuulize: ncha zake zinapatikana? Mashine nyingi za bei nafuu zimeiga Hakko 936 ya Japani, na hutumia ncha za 900M, ambazo si adimu. Mwenye uwezo achukue ya ncha za T12. Humo kipasha joto na kipimajoto vimo ndani ya ncha yenyewe, hivyo ikigusa shaba pana haipoi ovyo. Na plagi iwe na ethi inayofanya kazi, maana umeme unaovuja kwenye ncha huua chipu kimyakimya.

Waya wa kulehemu wa bati 60 kwa risasi 40 huanza kuyeyuka nyuzi 183. Ule usio na risasi, uliomo kwenye simu nyingi za sasa, hungoja hadi kama 217. Nyuzi 320 hadi 350 zinawatosha. Ninachokiona ni kijana kupandisha hadi 450 kwa sababu kiungo hakiyeyuki. Hapana, mwanangu! Badilisha ncha. Ile nyembamba iliyochongoka mnayoipenda haina mwili wa kubeba joto. Tumia bapa, ya umbo la bisibisi, au iliyokatwa mshazari.

Hili mlione kwenye taa za kuvulia dagaa. Balbu zake hukaa juu ya bamba la alumini, na bamba hilo hunyonya joto lote. Ukilehemu kwa ncha nyembamba, bati litashika juu juu tu. Mtumbwi ukipigwa na mawimbi kiungo kinaachia, taa inazimika usiku katikati ya ziwa, na mvuvi anarudi mwaloni mikono mitupu. Huyo ni jirani yenu, ana watoto wa kulisha.

Ncha msiipige tupa wala msasa. Ndani ni shaba, nje imepakwa chuma. Chuma kikiisha, bati huila shaba ikatoboka. Ifuteni kwa sponji yenye unyevu, na kabla ya kuzima mashine ipakeni bati jipya.

Moshi mnaouona ni wa utomvu uliomo ndani ya waya, nao huumiza mapafu, kwa hiyo fungueni dirisha. Risasi yenyewe huingia kwa mikono. Msile mezani pa kazi, naweni mikono kwa sabuni kabla ya ugali, na vipande vinavyodondoka vifagieni kila jioni mviweke kwenye kopo lenye kifuniko, mbali na watoto wanaotambaa.