Tafakari ya Ramadhani, Siku ya 12: Kujikalifisha



Ndugu zangu katika imani, mgeni akiona mnahangaika jikoni kwa ajili yake husema, "Jamani, msijikalifishe." Yaani, msijitwishe mzigo usio wa lazima. Mzizi wa neno hili umo katika aya ya mwisho ya Suratul Baqara, pale Allah anapotuhakikishia kwamba hambebeshi mja kuliko uwezo wake. Na mtu aliyebaleghe, mwenye akili timamu, sheria inamwita mukallaf: aliyebebeshwa wajibu.

Sasa, kama ibada yenyewe ni mzigo, tabu ipi ni thawabu na ipi ni kujikalifisha?

Njaa ya alasiri, koo kumkauka fundi aliye juani, hiyo ndiyo funga, tuivumilie. Lakini Allah amemtua mzigo mgonjwa na msafiri (Baqara 184 na 185). Ukiuinua tena ule aliokutua, na mwili hauwezi, hapo umejikalifisha.

Miaka kadhaa iliyopita mzee wetu mmoja mwenye sukari alikatazwa na daktari kufunga. Akafunga. Nami baada ya tarawehe nikamsifu mbele ya watu: "Vijana, mnamwona mzee wenu?" Siku ya tatu akaanguka msikitini. Alipopata nafuu nikamuuliza, mzee wangu, kwa nini hukufungua? Akanijibu, "Sheikh, ulishanisifu. Ningefunguaje?"

Kumbe hakujikalifisha peke yake. Mimi nilimkalifisha.

Mtume (s.a.w.) akiwa safarini aliona watu wamemzunguka mtu wanamtilia kivuli. Akaambiwa amefunga. Hakumsifu, alisema kufunga safarini namna ile si wema. Bukhari na Muslim wameipokea.

Basi leo ukimkuta dereva wa lori njia ya Tunduma anakunywa maji, au mama anayenyonyesha anakula, usimuulize, "Mbona hujafunga?" Hujui Allah amemtua nini. Na wewe mgonjwa, msikilize daktari. Ukitarajia kupona, utalipa siku zako. Kama ugonjwa ni wa kudumu, lisha maskini mmoja kwa kila siku. Hiyo nayo ni ibada kamili, usiione haya.

Ya Allah, tupe nguvu ya kubeba uliyotupa, na unyenyekevu wa kupokea wepesi wako. Aamiin.

Wabillahi tawfiq.