Je, Aliyenyamaza Ana Hatia Ikiwa Gari Limefika Salama?

Watu husema ajali haina kinga. Nami nilikuwa nikisema hivyo, mpaka siku niliposafiri kwa basi dogo kutoka Kayanza kwenda Bujumbura.

Barabara hiyo hupita Bugarama, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kisha huteremka kwa kona nyingi hadi kando ya Ziwa Tanganyika, ambako mwinuko haufiki mita 800. Niliketi mbele, karibu na dereva. Kabla hatujafika Bugarama niliona kwamba kila alipotaka kupunguza mwendo alikanyaga breki mara mbili au tatu ndipo zikashika. Mjomba wangu ni fundi wa magari. Alikwisha kunifundisha kwamba pedali ikizama hivyo, huenda mafuta ya breki yanavuja au hewa imeingia ndani. Alinieleza pia kuwa mafuta hayo hunyonya unyevu, na yakizeeka huchemka upesi. Kwenye mteremko mrefu breki hupata joto kali, mafuta yakachemka na kutoa mvuke. Na mvuke, tofauti na mafuta, hubanwa kwa urahisi. Hapo mguu hufika chini kabisa na gari halisimami.

Niliyajua hayo yote, nami nikanyamaza. Dereva alikuwa na umri wa baba yangu. Tulipofika Bugarama nilidanganya kwamba nina ndugu wa kumsalimia, nikashuka. Wengine waliendelea, akiwamo mama aliyempakata mtoto. Nilipofika Bujumbura kwa gari jingine, nililikuta lile basi limeegeshwa stendi. Wote walikuwa wamefika salama.

Je, nina hatia? Rafiki yangu anasema sina, kwa kuwa hakuna aliyeumia. Lakini tuseme breki zingekatika. Kila mtu angenilaumu, hata yeye. Katika hali zote mbili mimi nimetenda jambo lile lile: nimejua, nimejiokoa, nimewaacha wenzangu. Kilichobadilika ni breki tu, na breki hazikuwa mikononi mwangu. Basi usalama wao hauwezi kunitakasa. Walifika kwa bahati, si kwa wema wangu.

Wengine watasema kijana hamkosoi mtu mzima. Ni kweli tumelelewa hivyo. Lakini ningeweza kusema, “Mzee, samahani, naomba tusimame tuangalie mafuta ya breki.” Maneno hayo hayana tusi. Kile nilichokiita adabu kilikuwa woga. Tena, mbona sikuona haya kumdanganya mzee yule yule?

Dereva naye alijua. Mguu wake ulimwambia kabla yangu. Hatia yake ni kubwa kuliko yangu, ila haiifuti yangu.

Kwa hiyo naona methali ile inafaa kwa mambo yasiyoweza kujulikana mapema, kama jiwe linaloporomoka usiku. Pedali inayozama imekwisha kutoa onyo. Aliyeliona onyo hana haki ya kujificha nyuma ya methali.

Mwezi uliofuata nilimwambia dereva mwingine kuhusu breki zake. Alinikaripia mbele ya abiria wote, nikaona aibu. Hata hivyo alisimama, akashuka kuangalia. Aibu ile naikumbuka bila kujuta. Safari ya Bugarama ndiyo inayonisumbua hadi leo.