Kompyuta Tano Chini ya Kitanda



Hobi yangu ni kompyuta za zamani. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na katazo hilo likadumu miaka mingi. Ndiyo maana kwetu Njombe "za kale" ni zile Pentium 4 zenye Windows XP. Nashuka Makambako kutafuta RAM ya mtumba, naongeza kutoka MB 256 hadi GB 1, naweka Linux, mashine inaamka.

Papa Fransisko, katika Laudato Si' (2015), alikemea utamaduni wa kutupa. Hapo niko salama. Ila zikifika tano chini ya kitanda, na dogo wa jirani yuko kidato cha nne hana hata moja, kutunza kumegeuka kulimbikiza.

Basi nimpe ipi? Moyo unaninong'oneza: ile inayozimazima. Lakini Abeli alimtolea Mungu wazaliwa wa kwanza wa kundi lake, tena walionona. Kumpa mtu kibovu si sadaka, ni kufagia chumba. Jumapili baada ya Misa nampelekea ile ninayoipenda kuliko zote.

Na wewe, chini ya kitanda chako kuna nini? Mungu atujalie mkono mwepesi. Amina.