Kondoo wa Mwenzako: Nilichojifunza Kaswalti

Masomo: 2 Samweli 12:1–7, Marko 5:21–43, Wagalatia 6:10, Yakobo 2:1–9

Mchungaji aliponiomba niandike kitu juu ya mahubiri ya Jumapili iliyopita, yale ya nabii Nathani na mfalme Daudi, nilitaka kukataa. Nilikuwa na la kusema, lakini lilikuwa la kuniaibisha. Nikaomba siku mbili, nikaona heri niaibike kuliko ninyamaze.

Wengi wenu mnanijua. Mimi ni mwanafunzi wa udaktari, mwaka wa tano kati ya sita. Mliniombea nilipojiunga na chuo, na mlinichangia karo mwaka ule baba alipoachishwa kazi. Hapa kanisani mnaniita "daktari wetu" na hata sijafuzu. Shikeni hilo neno "wetu", tutalirudia.

Wiki hizo nilikuwa kaswalti, katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Kama hujawahi kuingia kaswalti Ijumaa ya mwisho wa mwezi, mshukuru Mungu. Usiku ule kulikuwa na ajali ya matatu, majeruhi walikuwa wamejaa mpaka kwa korido. Mlevi mmoja aliyekatwa kidogo juu ya jicho alikuwa anapiga kelele kuliko watu wote, akitaka ashonwe sasa hivi. Sista aliyekuwa kwenye meza ya kupokea wagonjwa aliitwa ndani kusaidia, akaniachia meza. "Dokta, angalia hapa dakika chache. Ukishindwa, niite."

Kazi ya meza hiyo ni kupanga nani atangulie. Wengi hudhani kaswalti ni kama benki, kwamba aliyefika kwanza ndiye anahudumiwa kwanza. Sivyo. Tunapima pumzi, mapigo ya moyo, presha, joto na fahamu, kisha mgonjwa anapewa rangi. Nyekundu aonwe papo hapo. Rangi ya machungwa asipitishe dakika 10. Manjano aonwe kabla saa moja haijaisha. Kijani anaweza kungoja hata kwa muda wa saa nne. Utaratibu huu wa rangi ulitungwa Cape Town, Afrika Kusini, mwaka wa 2004, lakini wazo lenyewe ni la zamani. Zaidi ya miaka 200 iliyopita, Dominique Jean Larrey, daktari wa upasuaji katika jeshi la Napoleon, alishikilia kwamba aliyeumia vibaya zaidi ndiye atibiwe kwanza, awe mkubwa wa jeshi ama askari wa kawaida. Wazee wetu nao walisema: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.

Basi akaja mama mmoja na mtoto wa kiume, miaka minane hivi. Mtoto wa pumu. Kifua kilikuwa kinalia mluzi hata kabla hajafika mezani. Nikapima, nikampa rangi ya machungwa. Ndani kulikuwa kumebaki kitanda kimoja na daktari mmoja aliyekuwa na nafasi. Nikasimama nimpeleke.

Hapo simu ikatetemeka mfukoni. Alikuwa ni mzee wetu mmoja wa kanisa.

"Binti yangu, niko hapa nje na mama. Presha imepanda, kichwa kinamuuma tangu jana. Si wewe ndiye daktari wetu? Usituache tukae kwa hiyo foleni na watu wote hawa."

Wapendwa, huyu mzee ndiye aliyesimama mbele ya kanisa kuniombea karo. Nyumbani kwake nimekula chapati zisizo na hesabu. Ningemwambia nini? Nikamtazama yule mtoto. Mluzi ulikuwa umenyamaza. Nikamwambia mama yake, "Ametulia, Mungu ni mwema. Ngojeni kidogo tu, narudi." Akajibu, "Asante, daktari." Hiyo asante naisikia hadi leo. Nikatoka nje, nikamshika mkono mama yetu, nikampitisha katikati ya watu wote, nikampa kile kitanda.

Hebu niwaeleze kitu ambacho nilikuwa nimekisoma kitabuni na nikakipita mtihani. Mtoto wa pumu akilia mluzi, hewa inapita, ingawa kwa shida. Mluzi ukinyamaza huku mtoto bado anahangaika kuvuta pumzi, huenda hewa haipiti tena. Tunaita kifua kimya, na ni moja ya dalili mbaya kabisa. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Nilijua hayo yote. Lakini usiku ule nilihitaji mtoto awe amepata nafuu, ndiyo nipate ruhusa ya kufanya nilichokuwa nimeshaamua kufanya. Kwa hiyo macho yangu yakaona nafuu.

Zilipita dakika saba, labda nane. Nikasikia sauti ya Sista kutoka mezani: "Nani amemwacha huyu hapa?" Nilipotoka, alikuwa ameshambeba mtoto mikononi, anakimbia. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Mabega yalikuwa yanapanda na kushuka, na hakuna sauti. Mama alikuwa nyuma yao na kiatu kimoja. Wakamwekea oksijeni, dawa ya mvuke, sindano, na dawa nyingine ya kupitia mshipa. Mimi nilishika chupa ya dripu kwa sababu mikono yangu haingeweza kazi nyingine. Baada ya muda mrefu nikasikia mluzi umerudi. Sijawahi kufurahia sauti mbaya hivyo.

Mtoto alipona. Mungu apewe sifa.

Baadaye Sista alinivuta kando. "Mluzi ulipoisha ulifikiri nini?"

"Nilifikiri amepata nafuu, Sista."

"Anayepiga kelele ana pumzi ya kupigia kelele. Wewe mtafute aliyenyamaza."

Ndipo nikamweleza habari za simu. Hakunigombeza. Aliniambia niandike saa kwenye faili jinsi zilivyokuwa, bila kuzisogeza, kisha nikamwambie daktari mkubwa mwenyewe. Nikafanya hivyo. Asubuhi nikaenda wodini kwa yule mama. Nikamwambia, "Mama, mtoto wako ndiye alikuwa atangulie. Nilimpitisha mtu ninayemjua. Nisamehe." Alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mimi sina mtu ninayemjua hapa."

Hakusema neno lingine, na mimi sikuwa na jibu.

Sasa swali ambalo limenisumbua ni hili: je, nilitenda dhambi, ama nilikosea tu kazi? Maana kumpenda wako si dhambi. Kushukuru si dhambi. Mzee hakunipa hata shilingi, hii haikuwa hongo. Mama alikuwa mgonjwa kweli, presha yake ilikuwa juu, ingawa kwa rangi zetu alikuwa manjano na angeweza kungoja. Na zaidi, Neno lenyewe katika Wagalatia 6:10 linatuagiza tuwatendee wote mema, na hasa walio wa nyumba ya imani. Nilijitetea na andiko hilo siku tatu nzima. Nilisema, Bwana, si ulisema "hasa"?

Jumapili ile Mchungaji alipofungua habari za Nathani, utetezi wangu uliisha. Mnakumbuka hadithi. Tajiri alipata mgeni. Alikuwa na kondoo na ng'ombe wengi, lakini alipotaka kumwandalia mgeni wake, alichukua kondoo mmoja wa pekee wa maskini, yule aliyelelewa kama mtoto wa nyumbani. Nilikuwa nimezoea kumwona huyo tajiri kama mchoyo. Safari hii niliona kitu kingine. Mgeni alikula akashiba. Mgeni labda alienda akisema, mwenyeji wangu ni mtu mwema sana! Ukarimu ulikuwepo kweli. Shida ilikuwa ni kondoo wa nani.

Hapo nikaielewa Wagalatia yangu. Andiko linaniagiza nitende mema kwa kilicho changu. Muda wangu wa mapumziko ni wangu. Chai yangu ni yangu. Mshahara nitakaopata siku moja utakuwa wangu, na nikiwatangulia ndugu katika Bwana kwa huo, ni baraka. Lakini zile dakika nane hazikuwa zangu. Zilikuwa za mtoto wa yule mama. Niliwekwa mezani nizitunze, nami nikazitoa zawadi. Nilikuwa mkarimu kwa mali ya mwingine, halafu nikapokea shukrani mimi.

Mtu ataniambia, lakini si mtoto alipona? Kwa hiyo hakuna kilichoharibika. Nami nimejaribu kulala na wazo hilo, halilaliki. Kama Sista angechelewa dakika tano zaidi, kitendo changu kingekuwa kile kile, simu ile ile, kitanda kile kile, ila mwisho tofauti. Neema ilifunika matokeo, haikubadilisha nilichofanya. Tukianza kupima dhambi kwa matokeo peke yake, tutakuwa tunamshukuru Mungu kwa kutuokoa na madhara, kisha tunarudia kosa lile lile kesho.

Kuna jambo lingine nimekuwa nikimwuliza Bwana, swali la mtu wa kaswalti. Katika Marko 5, Yairo anakuja na habari za binti yake wa miaka 12 aliye mahututi. Njiani kuna mama aliyetokwa na damu miaka 12. Kwa rangi zetu, binti wa Yairo ni nyekundu. Yule mama ameishi na ugonjwa wake muda mrefu, angeweza kungoja hadi jioni. Lakini Yesu alisimama. Kwa nini?

Nimeona mambo mawili. La kwanza, Yesu angeweza kumfufua yule binti, na alimfufua. Mimi siwezi. Kwangu dakika ikipotea imepotea. Kwa hiyo zile rangi za mezani ni unyenyekevu wa watu wasioweza kufufua, na sina ruhusa ya kuzivunja kana kwamba mimi ndimi Bwana. La pili naweza kuliiga. Yairo alikuwa mkuu wa sinagogi, mtu wa kujulikana, lakini cheo chake hakikumfanya yule mama asionekane. Naye alikuja kwa nyuma, kimya, bila mtu wa kumpigia simu. Yesu alimtafuta katikati ya umati mpaka akamwona, na akamwita binti. Yule asiyejulikana na mtu akapata wa kumjua.

Majuma matatu baadaye mzee alipiga simu tena. Mama alikuwa na maumivu ya goti, wako hapo nje. Moyo ulinidunda. Nikamwambia, "Baba, shikamoo. Mama atapimwa mezani kama wengine na ataitwa kwa zamu yake. Mimi natoka saa mbili usiku, nitakuja nikae nanyi hapo kwenye benchi." Akanyamaza. Akasema, "Haya," na kukata simu. Nilijua nimemuudhi. Saa mbili nikatoka, nikanunua chai vikombe vitatu, nikakaa nao. Hapo ndipo nilimweleza habari za yule mtoto. Mzee alivua kofia, akaishika magotini, akasema, "Binti yangu, kwa nini hukuniambia siku ile kwamba kuna mtoto?" Nikasema, "Niliogopa kukukatalia, Baba." Akasema, "Basi tulikosa sote wawili." Makala haya ameyasoma kabla hayajachapishwa, na ndiye aliyesema yaandikwe.

Ndugu zangu, mambo haya hayako kaswalti peke yake. Yakobo hakuwaandikia madaktari alipokemea kumpa mwenye pete kiti kizuri na kumsimamisha maskini. Wewe karani wa ofisini unashika foleni ya watu. Mwalimu unashika nafasi za shule. Uliye kwenye kamati ya basari ama ya kugawa unga hapa kanisani, unashika mkate wa mtu fulani. Wako akija, mpe chako. Mpe hata nauli, mpe bega. Lakini kabla hujampa, uliza: huyu kondoo ni wa nani?

Na ninyi mnaoniita "daktari wetu", naomba mwendelee kuniita hivyo. Ila sasa nataka neno "wetu" liwe pana, limtoshe na yule mama asiyekuwa na mtu anayemjua. Mkiniona siku moja mezani, msinipigie simu. Niombeeni nimwone aliyenyamaza.

Ya kutafakari wiki hii:
1. Ni nani alingoja zaidi kwa sababu mimi nilipitishwa mbele?
2. Ni kitu gani nimewekwa kukitunza kwa ajili ya wengine, nami nimekifanya zawadi kwa watu wangu?
3. Katika ushirika wetu wa nyumbani, ni nani amenyamaza, nasi tukadhani ametulia?

Tuombe: Bwana, utusamehe wema wetu uliowagharimu wengine bila wao kujua. Utupe ujasiri wa kumwambia tunayempenda, "Ngoja zamu yako," na upendo wa kukaa naye anapongoja. Katika jina la Yesu, Amina.