Ulicholipia ni Kitanda

Watu wetu wa Singida nao wameanza kwenda baharini kupumzika, na jambo hilo ninaliunga mkono kwa moyo wote. Mtu wa Mwankoko aliyeuza alizeti vizuri, au aliyepelekewa nauli na mwanawe wa Dar es Salaam, ana haki ya kuiona bahari ya nchi yake. Anapita Dodoma, Morogoro, Chalinze, kisha anaingia Saadani, kati ya Bagamoyo na Pangani, hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 2005 ambako pori linashuka hadi kwenye mchanga wa Bahari ya Hindi. Kambi za kulala wageni ni chache. Duka liko mbali, hospitali iko mbali, na tembo anapita alikozoea kupita.

Kwa hiyo ninawausia mapema, kabla hamjafunga mizigo. Liko neno moja linaloharibu wageni wengi katika mahali kama hapo, nalo ni "nimelipa". Ulicholipia ni kitanda, chakula na huduma. Bahari hukuinunua, giza hukulinunua, wala heshima ya watu uliowakuta.

Chukua maji. Kisiwani Chumbe, karibu na mji wa Zanzibar, wageni hulala katika vibanda saba tu, na maji ya kuoga ni ya mvua, yanayokingwa na mapaa ya vibanda hivyo na kuhifadhiwa chini ya sakafu. Vyoo havimwagiwi maji kabisa. Umeme unatokana na jua. Mgeni akifungua bomba na kuliacha likitiririka huku akijipaka sabuni, anamaliza mvua ya masika ambayo hakuna lori litakaloileta tena. Mtu wa Mwankoko hahitaji kufundishwa hili. Visima vya kwenu vinanywesha mji wa Singida, na mnajua jinsi mnavyomtazama mtu anayechezea maji. Basi macho hayo hayo jitazameni nayo mkiwa ugenini.

Giza lina uzito zaidi, na hapa nitakaa kidogo. Kasa hutaga katika fukwe za Saadani, hasa Madete. Jike hupanda mchangani usiku, huchimba shimo kwa makasia yake, hutaga mayai yapata mia, hufukia na kurudi majini. Baada ya kama miezi miwili vitoto hufumuka usiku na kukimbilia upande wenye mwanga, kwa sababu tangu zamani mwanga wa usiku ufukweni ulikuwa ule wa anga juu ya bahari. Ukiwasha taa kali kibarazani, au ukamulika tochi ya simu ili upige picha, vitoto hivyo hugeuka na kukufuata wewe. Kaa na ndege huwamaliza, na jua likichomoza hukausha waliobaki. Kasa wa kijani huchukua miaka zaidi ya 20 kabla ya kuanza kutaga. Tafakari basi ni kitu gani unakiharibu kwa ajili ya picha ya dakika moja ya kuwatumia jamaa.

Najua giza la porini linatisha. Hata mtu mzima huogopa, na si aibu. Lakini dawa yake si kudai taa ziwake usiku kucha. Mwombe askari akusindikize hadi mlangoni, na akikwambia usitoke peke yako, usitoke. Baba anayemjibu askari kwa kiburi mbele ya watoto wake anawafundisha watoto hao kupuuza onyo, na porini onyo lina sababu yake.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hotelini hakuna atakayekupa jembe, kwa kuwa umelipa. Ndiyo maana inakupasa ujishikie lako mwenyewe: kuoga kwa maji machache, kuzima taa, kushusha sauti ya muziki, kurudi nyumbani na plastiki uliyokuja nayo.

Kisha kuna watu. Kijiji cha Saadani kilikuwa bandari ya misafara karne ya 19, zamani sana kabla ya hifadhi. Watu wake ni wavuvi, na wengi ni Waislamu. Vazi la kuogelea ni la kuogelea. Ukienda kijijini jifunge kanga, vaa shati, salimia kabla ya kuuliza bei ya samaki. Usimpige mtu picha akiwa kazini bila ruhusa yake. Na yule mzee aliyekubebea begi, mwenye umri wa baba yako, mpe shikamoo. Nimesikia vijana wenye fedha wakimwita mtu mwenye mvi "we kaka, lete soda", na roho yangu iliumia. Nyumbani Unyaturu asingethubutu kijana yeyote kumwita mzee hivyo. Mshahara haumgeuzi mzee kuwa mtoto.

Jambo jingine ni kiingilio. Mtanzania hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje, na ni haki, kwa sababu hifadhi ni mali yetu sote. Lakini mwenye mali ndiye anayetazamiwa kuitunza kwanza. Isiwe Mzungu anaokota chupa ufukweni na sisi tunaitupa.

Likitokea kosa, chakula kimechelewa au chandarua kimetoboka, mwambie msimamizi uso kwa uso, siku hiyo hiyo, akiwa bado na nafasi ya kurekebisha. Usinyamaze siku zote kisha ukafika Singida ukamchafulia jina mtandaoni. Bakshishi ukiwa nayo, uliza kwanza kama kuna sanduku la pamoja, maana mpishi na mfua shuka hukuwaona, nao wamekuhudumia vilevile.