Februari 3 na Misiba Yake

Tarehe 3 Februari inabeba kuzaliwa kwa mtunzi mmoja mkubwa wa Ulaya na misiba miwili ambayo waombolezaji wake hawakujuana. Mwaka 1809 alizaliwa Felix Mendelssohn mjini Hamburg. Mwaka 1959 ndege ndogo ilianguka Iowa, Marekani, ikawaua wanamuziki watatu vijana. Mwaka 1975 alifariki mwimbaji wa Misri, Umm Kulthum, mjini Cairo. Kalenda imewakutanisha kwa bahati tu, lakini ukiulizia tarehe hiyo, jibu utakalopewa linategemea sana uko wapi na unamuuliza nani.

Mendelssohn alikuwa na miaka 20 tu alipoongoza Berlin, mwaka 1829, Mateso ya Yesu kadiri ya Mathayo, ya Johann Sebastian Bach, kazi iliyokuwa karibu kusahaulika tangu Bach afariki mwaka 1750. Heshima anayopewa Bach leo ilianzia kwa sehemu kubwa katika onyesho lile. Afrika Mashariki wako wengi wanaoujua muziki wa Mendelssohn bila kulijua jina lake, kwa maana wimbo wa kinanda unaowasindikiza maharusi kutoka kanisani mara nyingi ni wake, aliotunga mwaka 1842 kwa ajili ya tamthilia ya Shakespeare. Alifariki mwaka 1847 akiwa na miaka 38. Na yeye aliyemfufulia Bach kumbukumbu, ya kwake ilishambuliwa: sanamu yake ya Leipzig iling'olewa mwaka 1936, zama za utawala wa Wanazi, kwa sababu alizaliwa katika ukoo wa Kiyahudi.

Msiba wa Iowa ulitokana na baridi na uchovu. Mwanamuziki Buddy Holly, mwenye miaka 22, alikuwa katika ziara ya majira ya baridi iliyowasafirisha wanamuziki usiku kucha kwa mabasi mabovu yasiyo na joto. Mpiga ngoma wake alilazwa hospitali kwa kuganda miguu. Baada ya onyesho la Clear Lake, Holly akakodi ndege. Waylon Jennings, mpiga besi wake, alimwachia nafasi mwimbaji J. P. Richardson, aliyekuwa na mafua. Ritchie Valens, mwimbaji kijana wa miaka 17, alipata yake kwa kurusha sarafu. Ndege iliondoka karibu saa saba usiku, ikaanguka shambani muda mfupi baadaye. Wote watatu walikufa pamoja na rubani wao mwenye miaka 21. Jioni hiyohiyo ziara iliendelea kama ilivyopangwa. Ni jambo gumu kulikubali hata leo. Wimbo wa Don McLean, American Pie, uliotoka mwaka 1971, ndio ulioigeuza ajali hiyo kuwa msiba wa muziki mzima katika kumbukumbu za Wamarekani.

Umm Kulthum hakuhitaji wimbo wa mtu mwingine ili akumbukwe. Alizaliwa katika kijiji cha Delta ya Nile, binti wa imamu aliyekuwa akiimba kaswida kwenye sherehe, na utotoni alivishwa nguo za kiume ili aweze kuimba na baba yake mbele za watu. Miaka ya 1920 alihamia Cairo. Redio ya taifa ilipoanza mwaka 1934, sauti yake ikapata njia ya kufika mbali, na kwa miongo kadhaa maonyesho yake ya Alhamisi ya kwanza ya mwezi yalirushwa moja kwa moja kwa wasikilizaji wa nchi nyingi. Wimbo mmoja uliweza kupita saa nzima. Urefu huo ulitokana na ukumbini: wasikilizaji walipaza sauti wakimtaka arudie mstari, naye akaurudia kwa mapambo mengine, kila mara akiutia uzito mpya. Maneno mengi aliyaandika mshairi Ahmad Rami. Baada ya Misri kushindwa vitani mwaka 1967, alizunguka ndani na nje ya nchi, hadi Paris, akiimba kuichangia hazina ya taifa. Siku ya mazishi yake umati ulilitwaa jeneza kutoka kwa wabebaji, ukalipitisha mitaani kwa saa kadhaa. Wafalme wachache wamezikwa hivyo.

Muziki wake ulikuwa na ndugu pwani ya Afrika Mashariki. Vyama vya taarab vya Unguja, kama Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905, vilikuza muziki wa fidla, kanuni, udi na nai kwa kuitazama Misri, na mahadhi ya Cairo yakavishwa mashairi ya Kiswahili. Hata hivyo pwani ilikuwa na mwimbaji wake mkubwa. Siti binti Saad, aliyelelewa katika umaskini kijijini, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili, zikasikilizwa pwani nzima na bara. Siku aliyozaliwa haijulikani, lakini aliyofariki inajulikana: 8 Julai 1950. Watangazaji wa Kiswahili wanaoitaja Februari 3 kwa ajili ya Buddy Holly na Umm Kulthum waitaje Julai 8 pia, na santuri za Siti zipigwe siku hiyo.